Kimya cha Muuza Prado

Toyota Prado yenye injini ya dizeli ya 1KZ-TE ina ugonjwa unaojulikana na mafundi wengi: hedi. Injini hiyo ya silinda nne na cc 2,982 ni imara kweli, lakini hedi yake ya aluminiamu haivumilii joto. Rejeta ikiziba, au maji yakipungua bila dereva kutazama geji, hedi hupata ufa mwembamba. Gari halifi siku hiyo. Linaweza kuendelea kwenda kanisani, sokoni na shuleni likinywa maji kidogo kidogo, na mwenyewe akazoea kuongeza. Kisha siku moja anaamua kuliuza.

Mbalizi, mji wa barabarani magharibi mwa Jiji la Mbeya, kwenye njia kuu iendayo Tunduma na Zambia, gari la namna hiyo linaweza kuegeshwa na kuuzwa bila kuonyesha dosari. Limeoshwa, limepigwa polishi, injini imeshapashwa moto kabla mnunuzi hajafika. "Halina shida?" anauliza. "Hili ni kuwasha na kuondoka tu, kaka," anajibiwa. Gari litawaka na litaondoka, kwa hiyo hakuna neno la uongo lililosemwa. Je, mnunuzi hakudanganywa?

Cicero wa Roma alilishughulikia swali hilo mwaka 44 kabla ya Kristo, alipowakutanisha kitabuni wanafalsafa wawili wa Kistoa, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater. Mfanyabiashara amefika kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa na shehena ya nafaka, naye anajua kuwa meli nyingine za nafaka ziko njiani. Awaambie wenyeji, au anyamaze na kuuza ghali? Diogenes aliona kwamba kutosema si sawa na kuficha: muuzaji ataje kasoro ambazo sheria inamtaka azitaje, basi. Antipater alikataa, akisema binadamu wana wajibu wa kutakiana mema, na mnunuzi asinyimwe analolijua muuzaji. Cicero aliegemea kwa Antipater. Madalali wa magari, hata ambao hawajawahi kulisikia jina la Diogenes, wengi wao ni wafuasi wake.

Uislamu haukumwachia muuzaji nafasi hiyo. Katika Hadithi iliyopokewa na Abu Huraira, Mtume Muhammad (S.A.W.) alipita penye rundo la chakula cha kuuzwa, akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta majimaji. Mwenye mali alijitetea kwamba ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakukiweka juu kile kilicholowa ili watu wakione. Mafakihi nao wakampa mnunuzi haki ya kurudisha kitu akigundua kasoro iliyokuwamo tangu kabla ya mauzo. Jambo la kuzingatia hapo ni ule mkono, ambao haukuridhika na kilicho juu.

Fundi makini wa dizeli naye huanza kwa mkono: hugusa injini kabla haijawashwa. Akikuta ya moto, anaomba arudi kesho alfajiri, na baridi ya Juni au Julai ya Mbeya itamsaidia. Injini iliyochoka haiwaki vizuri katika baridi hiyo. Moshi wa bluu unasema oili inaungua. Mweusi, dizeli haiungui yote, pengine kwa sababu ya nozeli au filta ya hewa. Mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto huweza kuashiria maji yanaingia kwenye silinda. Kifuniko cha rejeta kikifunguliwa injini ikiwa bado baridi, kisha ikawashwa na mapovu yakaendelea kupanda, mazungumzo ya bei yanabadilika.

Anayejua na kunyamaza ni rahisi kumhukumu. Mgumu zaidi ni yule asiyejua kwa sababu hakutaka kujua. Mwaka 1877 William Clifford, mwanahisabati Mwingereza, alisimulia habari ya mwenye meli kuukuu iliyokuwa ikikaribia kuondoka na abiria. Mashaka yalimjia, na kuitengeneza kungegharimu fedha nyingi. Akajituliza: imevuka bahari mara nyingi, na Mungu hatazitupa familia hizi. Akaamini kwa moyo wote. Meli ikazama, yeye akalipwa bima. Clifford alisema imani yake ilikuwa ya dhati, ila hakuwa na haki ya kuwa nayo. Na hata kama meli ingefika salama, kosa lingekuwa lile lile.

Mwenye Prado anayeongeza maji kila wiki na hampelekei fundi gari lipimwe, anaweza kuapa kwamba hajawahi kuambiwa hedi ni mbovu. Anasema kweli. Hakuambiwa kwa kuwa hakuuliza.

Mnunuzi naye ana uvivu wake, na mara nyingi huuvika joho la imani: "Ni mshirika mwenzetu, hawezi kunidanganya." Huenda hawezi. Lakini wema wa mtu ni habari ya mtu huyo, na hausemi chochote kuhusu hedi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza, nayo haimbembelezi: aliyekagua mali hana kinga kwa kasoro ambazo ukaguzi huo ulipaswa kuzifichua. Kuzunguka gari na kupiga teke tairi kunaweza kumponza kuliko kumsaidia.

Kuja na fundi si kumtukana muuzaji mwaminifu. Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof alieleza, kwa mfano wa magari yaliyotumika, kwamba wanunuzi wasioweza kutofautisha zima na bovu hutoa bei ya katikati. Wenye magari mazuri huona wanapunjwa na kujitoa, sokoni yakabaki mabovu. Mwaminifu anauhitaji ukaguzi kuliko mwenzake.

Tena Mbalizi ina kipimo chake. Kuelekea Mbeya barabara inapanda Iwambi, mteremko uliopata sifa mbaya kwa malori yaliyofeli breki. Sindano ya joto iliyotulia kwenye tambarare inaweza kuanza kupanda hapo, gari likiwa na familia nzima na lori likiwa nyuma. Thomas Aquinas, mwanatheolojia wa karne ya 13, alisema farasi mwenye jicho moja kila mtu anamwona, lakini kasoro iliyojificha yenye kuleta hasara au hatari lazima itajwe. Hakumtaka muuzaji aitangaze kwa mpiga mbiu, maana wanunuzi wangekimbia kabla ya kusikia sifa nyingine za mali. Amwambie kila anayekuja kununua, naye apime.

Aquinas alikuwa akimzungumzia muuzaji. Dalali wa Mbalizi anayelipwa biashara ikishafungwa atajibu kwamba mwenye gari alimwambia ni zima, na hapo Clifford angetaka kujua kama aliwahi kuomba walipandishe Iwambi.