Upekuzi na Heshima ya Mtu

Jina la Kisumu Ndogo lipo Kibera, na msomaji aliyekulia Kibera hana haja ya kuelezwa ndege ni nini. Uwanja wa Wilson, ambao jina lake lilikuwa Nairobi West mpaka mwaka 1962, hauko mbali, na ndege zake ndogo hupita juu ya mabati mchana kutwa. Lakini kuiona ndege ni jambo moja, na kuifikia ni jambo jingine. Kati ya mtu na ndege pana milango mingi, na katika kila mlango yupo mtu aliyeajiriwa ili akushuku. Nataka tulifikiri neno hilo la kushukiwa. Je, mtu mwaminifu huvunjiwa heshima anapopekuliwa?

Chukua safari ya binti wa Kisumu Ndogo aliyepata kazi ya nyumbani katika nchi za Ghuba, kama wapatavyo wengi. Ndugu na majirani wamekodi matatu ili wamsindikize. Katika lango kuu la Uwanja wa Jomo Kenyatta wote hupita penye upekuzi, na gari likachunguzwa. Mlangoni pa jengo wasindikizaji husimama. Machozi yao hayana tiketi. Binti huingia peke yake. Sanduku lake hupita ndani ya mashine yenye jicho la kuona yaliyofunikwa. Hupimwa kwa mzani, na kilo zikizidi hana budi kulifungua mbele ya wageni, omena wa nyumbani wakatazamwa na watu wasiowajua. Afisa wa uhamiaji hutazama pasipoti, kisha uso, kisha pasipoti tena. Kabla ya kupanda ndege hupekuliwa mara nyingine: mshipi huvuliwa, pengine na viatu, na mkono wa mtu asiyemjua humpapasa mabegani. Ikiwa mkobani mna chupa ya asali aliyopewa na mama yake, na chupa yenyewe yazidi mililita 100, huachwa pale pale. Kanuni haimjui mama. Wala haijali kwamba asali imebaki nusu, maana hupima chombo, haipimi kilichomo. (Ingalitiwa katika sanduku kubwa ingalifika salama. Nakuambia hili kwa sababu mtu aweza kutafakari mambo makubwa na bado akapoteza asali yake.)

Usidhani kwamba kanuni hizi zilizuka kwa ukaidi wa wakubwa. Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya Ufaransa iliyokuwa ikitoka Tel Aviv kwenda Paris ilitua Athens kuchukua abiria. Miongoni mwa waliopanda walikuwamo watu wanne wenye silaha zilizofichwa katika mizigo yao. Waliiteka ndege ile, nayo mwishowe ikatua Entebbe, Uganda, na kwa muda wa juma zima abiria wasio na hatia wakawa mateka ng'ambo ya pili ya ziwa lile lile linalooga Kisumu kubwa. Walipookolewa, ndege zilizowachukua zilipitia Nairobi. Mlango mmoja uliolindwa vibaya katika Ulaya ulitosha kuileta maafa hata Afrika ya Mashariki. Na kanuni ya asali ilitokana na njama iliyogunduliwa Uingereza mwezi wa Agosti 2006, ya kulipua ndege kwa mabomu yaliyofanywa kwa vitu vya majimaji. Nasi Nairobi, baada ya tarehe 7 Agosti 1998, ulipolipuliwa ubalozi wa Marekani na watu zaidi ya 200 wakafa, hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi.

Basi wapo wasemao: asiye na la kuficha haogopi kupekuliwa. Msemo huu ni mwepisi mdomoni, nami siukubali. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi ya serikali ya kikoloni yaliizingira Nairobi, yakawachambua Waafrika mtaa kwa mtaa, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakatiwa kizuizini pasipo kuhukumiwa. Wengi wao hawakuwa na la kuficha, na hilo halikuwafaa kitu. Kabla ya hapo, tangu mwaka 1920 hivi, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua kipande, aghalabu katika kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni. Tena uwanja wenyewe wa Embakasi, uliofunguliwa mwaka 1958 na ambao leo waitwa Jomo Kenyatta, ulijengwa kwa jasho la wafungwa wa siku hizo za Hali ya Hatari. Msafiri avuaye mshipi pale husimama juu ya kazi ya watu waliopekuliwa kwa dhuluma.

Tofauti iko wapi basi? Kipande hakikuuliza mtu amefanya nini, kiliuliza ni wa rangi gani. Mashine ya uwanjani haiulizi rangi, kabila wala mtaa. Tajiri huvua mshipi wake na mtumishi wake huvua wake, na sababu ya kuvua ni moja, yajulikana, tena yamhifadhi hata yeye avuaye. Mtu anayekubali kushukiwa pamoja na wote, kwa ajili ya usalama wa wote, hakupoteza heshima. Ametoa kitu chake kwa jirani. Lakini mzigo huu ni mwepesi kwa sababu umegawanywa. Siku mheshimiwa anapopitishwa kando kwa saluti huku binti wa Kisumu Ndogo akiulizwa mara tatu anakwenda wapi na nani amemlipia nauli, mzigo wote humwangukia yeye, na upekuzi ule ule uliokuwa haki hugeuka kuwa dharau. Mikono ni ile ile na mashine ni ile ile.

Utauliza, afanye nini binti huyo? Sioni ubaya akiuliza kwa sauti ya adabu sababu ya maswali hayo, wala sioni ubaya akijibu kwanza na kuuliza baadaye, kwa kuwa ndege haimngoji mwanafalsafa. Lakini amtazame vizuri afisa aliye mbele yake. Naye hupekuliwa kila siku kabla ya kuingia kazini. Zamu yake ikiisha huvua sare, akapanda matatu kurudi nyumbani, pengine Kibera kule kule, na usiku huo njiani polisi aweza kumsimamisha na kumwambia atoe kitambulisho.