Gesi Haipashi Nyumba Joto

Julai ya Ruiru si mchezo. Mwambie mtu wa Mombasa kwamba unalala na soksi mbili atakucheka, lakini huku tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari na nyumba zetu ni mawe na mabati tu. Ukitaka joto, unaleta jiko ndani.

Hapo ndipo mimi na jirani yangu tulipokosania. Anauza mboga karibu na steji, ana watoto wawili, na kinachotutenganisha ni ukuta mmoja. Mimi nilihamia hapa kutoka Thika baada ya karo kunishinda na kuaga kampasi, nikaja na godoro, laptopu na meko ya kilo 6. Jioni moja nikamwona akiingiza jiko la makaa na kufunga dirisha. Nikabisha.

"Mathe, hiyo kitu inaweza kuwaua."

Nikamweleza kuhusu kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, kwamba mtu analala na haamki. Na kwa vile nilikuwa nimeshaanza, nikampigia na hesabu. Mkebe mmoja wa makaa kwa siku, bob 100, ni 3,000 kwa mwezi. Kujaza mtungi wa kilo 6 ni 1,250; mitungi miwili ni 2,500. Gesi inashinda kwa bob 500. Nilijisikia mtu wa maana sana.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Sasa kijana, hiyo 1,250 natoa wapi siku moja?" Kabla sijajibu, akaongeza: "Na chakula ikishaiva, gesi itawapasha hawa joto?"

Hesabu yangu ilimhitaji mtu anayeweza kuweka elfu moja na zaidi mahali, na isiguswe na homa ya mtoto au simu ya keja. Yeye hupata pesa kwa siku, kwa hivyo hununua moto kwa siku. Kwamba gunia ni nafuu kuliko mkebe, anajua kunishinda. Tena makaa yanayochemsha maharagwe masaa matatu ndiyo hayo hayo yanayopasha chumba. Ukiacha gesi ikiwaka ili uote moto, unachoma pesa. Hata Jikokoa, ambayo kiwanda chake kiko hapa hapa Ruiru, haitatui jambo hili. Jiko bora ni lile lisilopoteza joto, na mwezi wa Julai joto linalopotea ndilo analolitafuta.

Wakubwa nao wamewahi kupiga hesabu kama yangu. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti kwenye misitu ya umma, na mwaka huo huo kaunti ya Kitui ikazuia makaa yake kusafirishwa. Sawa, miti ni yetu sote. Lakini Julai 2021, marufuku ya msituni ikiwa bado ipo, gesi ya kupikia ikawekewa VAT ya asilimia 16. Ikashuka hadi 8 mwaka wa 2022, ikaondolewa 2023. Fikiria hiyo miaka miwili: usichome mti, na ukikimbilia gesi, lipa ushuru.

Ni rahisi kuilaumu serikali, kwa hivyo nirudi kwangu. Swali linalonisumbua ni hili: je, nina haki ya kumwonya mtu kuhusu hatari ambayo siko tayari kumsaidia kuiepuka? Nafikiri ninayo, kwa sababu ile hewa haijali nani ana haki gani, na kama ningenyamaza halafu waamke wawili badala ya watatu, ningejibu nini? Ila onyo lilihitaji dakika moja tu. Dakika kumi zilizofuata, za hesabu, zilikuwa zangu mwenyewe.

Kwa aibu nikamwambia awe anapikia uji wa asubuhi kwangu. Mtungi ambao hunifikisha wiki tano ukaisha kabla ya wiki tatu. Nikajaza, na uchungu ukaniingia, uchungu wa kijinga kabisa, wa kuhesabu vikombe vya uji vya watoto wa mtu. Sikumwambia chochote. Nilianza tu kujifanya nimelala. Alibisha asubuhi tatu. Ya nne hakubisha.

Siku hizi anawasha jiko nje hadi moshi uishe, analiingiza akiwa ameacha dirisha wazi kama upana wa kiganja, na kabla hawajalala analitoa. Ameshika ile sehemu ya ushauri wangu isiyo na bei. Baridi nayo inaingia hapo hapo dirishani. Usiku namsikia yule mdogo akikohoa upande wa pili wa ukuta. Mtungi wangu umejaa.