Nafuu ya Mchukuzi

Agosti 2021 mama yangu alinitumia ndoo kutoka Pemba. Ilikuwa ndoo ya plastiki ya lita ishirini, iliyowahi kuwa na rangi ya ukuta, na ndani yake mlikuwa na pweza mkavu, visheti, chupa mbili za mafuta ya nazi na, chini kabisa, bahasha ya ada yangu ya chuo: shilingi laki mbili. Kwa kawaida hela huja kwa simu. Lakini mwezi mmoja kabla yake tozo ya miamala ya simu ilikuwa imeanza kukatwa, na mama alisema hatoi hela kuzisafirisha hela wakati ndoo inakwenda bure.

Aliyeibeba ni kijana wa kwetu Kengeja, anayekwenda Dar es Salaam kufuata nguo za mtumba. Kila mwenye mtoto huko humpa kitu cha kumfikishia. Haombi malipo, ukimpa nazi mbili hushukuru. Jina lake naliacha kwa makusudi, maana limeshasemwa vya kutosha.

Nilifungua bahasha nikahesabu noti kumi na sita za elfu kumi. Nikahesabu tena. Nikampigia mama. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mwanangu, tusiseme kitu."

Tulisema, bila shaka. Mama alimwambia bibi, bibi akamnong'oneza jirani, na Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, yule kijana alikuja mwenyewe barazani kwetu. Alitaka kuapa. Alisema uletwe Msahafu, aushike mbele ya watu. Mama akamkatalia kwa upole wote alionao: "Hapana baba, nani kakutuhumu?"

Siku ya kumi na mbili kaka yangu mkubwa ndiye aliyeuliza, katikati ya mazungumzo mengine, kama zile elfu arobaini nilishazidai. Usiku wa kuamkia safari alikuwa amezitoa kwenye bahasha kumlipa fundi wa pampu, akikusudia kuzirudisha alfajiri. Alipoamka ndoo ilikuwa njiani kuelekea Mkoani. Hakujua kama pana mtu anasemwa.

Sasa nasoma shahada ya uzamili ya ununuzi na ugavi, na muhula uliopita tulifika kwenye mada ya ufungashaji unaoonesha kama umechezewa: kofia ya chupa yenye pete inayokatika, utepe unaoacha maandishi ukibanduliwa, lakiri ya chuma yenye namba kwenye mlango wa kontena. Wenzangu waliandika maelezo. Mimi nilikuwa barazani Kengeja.

Jambo la kwanza tulilofundishwa ni kwamba vitu hivi havizuii wizi. Pete ya plastiki haimshindi mtu mwenye meno. Kazi yake ni kutoa ushahidi: kati ya pale mzigo ulipofungwa na pale ulipopokewa, kuna mkono ulioingia au haukuingia. Mfano unaotajwa kila mahali ni wa mwaka 1982, Chicago na vitongoji vyake, ambako watu saba walikufa baada ya kumeza vidonge vya Tylenol vilivyotiwa sayanidi. Hakuna aliyepatikana na hatia ya mauaji yale. Kabla mwaka haujaisha serikali ya Marekani ilitoa kanuni ya kutaka dawa za kununuliwa bila cheti zifungwe kwa namna ambayo mnunuzi ataona kama zimeguswa. Ndiyo maana hata leo, ukinunua chupa ya dawa Chake Chake, unakuta karatasi ya kung'oa mdomoni.

Jambo la pili lilinishangaza zaidi. Roger Johnston, mwanafizikia aliyeongoza timu ya kupima udhaifu wa lakiri katika maabara ya Los Alamos, alionesha pamoja na wenzake kuwa lakiri nyingi sana, za bei rahisi na za bei kali, zinaweza kufunguliwa na kurudishwa kwa muda mfupi na kwa vifaa vya kawaida. Alichosisitiza ni kwamba lakiri inategemea jicho la anayeikagua. Kama mpokeaji hajui ilivyokuwa ilipofungwa, ni pambo tu. Sisi Wapemba hilo hatukuhitaji kulisomea. Neno lakiri wengi wetu tulilijua kwanza kwenye masanduku ya kura, ambapo mawakala wa vyama husimama na kuandika namba moja moja. (Yanayofuata baada ya namba kuandikwa ni insha nyingine.)

Turudi kwenye ndoo. Mama alipompa kijana yule ndoo isiyofungwa, sote tulidhani tunamheshimu. Tulimpa amana, na amana kwetu ni neno zito. Watoto wa madrasa husimuliwa kwamba Mtume aliitwa Al-Amin, na kwamba alipohama Makka alimwacha Ali nyuma arudishe amana za watu. Fiqhi nayo inampa heshima kubwa aliyeaminiwa: kitu kikipotea mkononi mwake halipi, ila ikithibiti amezembea au amefanya khiana, na akikanusha, neno lake na kiapo chake hukubaliwa. Ukiangalia vizuri, kiapo ndicho lakiri yake. Kinamaliza shauri pale ambapo hakuna shahidi mwingine.

Hicho ndicho mama alichomnyima pale barazani. Alidhani anamwepusha na fedheha. Kumbe kwa kusema "nani kakutuhumu" alimfungia mlango pekee wa kutokea, kwa sababu mtu asiyetuhumiwa hana pa kujitetea. Alirudi kwao akiwa hajashtakiwa na hajasafishwa. Wiki ile watu wawili waliokuwa na mizigo ya kumpa walikumbuka ghafla kwamba hawana haraka.

Tuna methali: kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Nimeisikia tangu utotoni, na kila mara huwa ni ya kuchekesha kidogo: tajiri anapata hasara, mbebaji anapumua. Lakini isikilize tena. Imekwisha kuamua kwamba mchukuzi ana faida katika upotevu. Haielezi kinachompata pakacha likifika pungufu na mwenyewe akasimama hapo analiangalia, kisha anamwangalia yeye.

Bibi yangu ana jibu lake kwa haya yote, na si jibu la kudharau. Kwake, kumshonea mtu mzigo ni kumwambia usoni kwamba unadhani ataufungua. Aliwahi kuniuliza: mtu ambaye hakupata nafasi ya kuiba, utajuaje kama ni mwaminifu? Sina la kumjibu hapo. Uzi ukisimama mahali pa mtu, tunaacha kuuliza habari za mtu, tunauliza habari za uzi. Na uzi unaweza kusingizia pia: panya akiutafuna njiani, au mkaguzi bandarini akiukata msimu wa karafuu kwa kazi yake halali, anayeulizwa ni yule yule mchukuzi.

Hata hivyo siko upande wa bibi, na sababu yangu ni moja. Ukarimu wa kuamini bila kufunga ulikuwa wetu, gharama yake ikawa ya mwingine. Sisi tulionekana watu wema wasiohesabu. Yeye alibeba, pamoja na kilo kumi na kitu za ndoo, jukumu la kila kilichotokea ndani yake kabla hajaishika. Imani ya namna hiyo ni nyepesi kwa anayetuma, na kwa kawaida anayebeba ndiye mwenye jina linaloharibika haraka.

Mama alikwenda kwao kumwomba radhi, kaka akiwa nyuma yake ameinamisha kichwa. Alisamehe. Zikapita wiki tatu hivi, akaja tena kuuliza kama kuna mzigo. Mama, kwa furaha, akamletea ndoo vile vile ilivyo. Hakuipokea.

"Shona, mama," alisema. "Shona mbele yangu."

Tangu siku hiyo mama hufunika mdomo wa ndoo kwa kipande cha kanga kuukuu na kukishona kwa sindano ya gunia na uzi mwekundu, fundo tatu upande wa mkono. Akimaliza, kijana huinama, akapiga picha fundo zile kwa simu, akanitumia kabla hajaondoka barazani. Siku hizi hela zimerudi kwenye simu, na ndani ya ndoo hamna kitu cha kuibiwa, labda visheti. Picha hutuma hivyo hivyo. Nami nikiipokea ndoo hufungua simu kwanza, nikalinganisha, nikamwonesha, ndipo nikakata uzi akiwa bado amesimama.

Bibi huingia ndani mama anapotoa sindano, na hatoki mpaka ndoo iondoke.