Maji ya udhu na jahazi la wanafunzi

 

Ndugu Waislamu, mlango wa kwanza anaokutana nao mtoto katika fiqh ni maji. Anahifadhi kwamba maji mengi hayanajisiki ila najisi ikiyabadilisha rangi, ladha au harufu. Hilo ni somo la kuchunguza, lakini sisi tumeligeuza kuwa la kukariri. Mtoto anakhitimu kitabu bila kupelekwa hata mara moja kwenye mto unaopita nyuma ya msikiti.

Kule Suttons Bay, jimbo la Michigan, Marekani, ipo taasisi iliyoanzishwa mwaka 1989 ambayo darasa lake ni jahazi. Jahazi hilo, Inland Seas, lilishushwa majini mwaka 1994. Wanafunzi hupandishwa kwa safari ya nusu siku. Wanakokota wavu, wanachota tope la chini, wanapima oksijeni iliyomo majini, wanatazama vijidudu kwa hadubini. Aidha, huteremsha kwa kamba kisahani cheusi na cheupe mpaka kipotee machoni, wakajua mwanga unafika wapi.

Wanagundua nini? Mwishoni mwa miaka ya 1980, maji ya farumi ya meli za kigeni yaliingiza kome wageni katika Maziwa Makuu ya huko. Kome hao huchuja vijimea vidogo vinavyolisha viumbe wanaoliwa na samaki. Matokeo yake, Ziwa Michigan limekuwa angavu zaidi, na chakula cha samaki kimepungua. Anayesimama ufukweni husema maji yametakata. Aliyekokota wavu ndiye anayejua. Kumbe maji yanaweza kufaa kwa udhu ilhali ziwa linaumwa!

Nasi yametufika. Sangara waliopandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 walichangia kutoweka kwa aina nyingi za furu, na gugumaji likafuata baadaye.

Mtume (SAW), katika hadithi aliyoipokea Nu'man bin Bashir (RA) na kupokewa na Imam Bukhari, alipiga mfano wa watu waliopigiana kura chomboni, wengine wakakaa juu, wengine chini. Wa chini wakataka kutoboa sehemu yao ili wapate maji bila kuwaudhi wa juu. Wakiachwa, wote wanaangamia. Wakizuiwa, wote wanaokoka. Angalieni: hawakuwa na nia mbaya, walitaka maji tu. Na mwenye kuzuia lazima kwanza ajue kwamba tundu linatobolewa.

Sasa tujiulize. Mtume (SAW) ametawadha kwa mudi moja, kiasi cha viganja viwili vilivyojaa. Katika misikiti yetu bomba linaachwa wazi mtu akizungumza na mwenzake. Amekataza kujisaidia kwenye vyanzo vya maji. Je, mtaro wa vyoo vya madrasa yako umeelekezwa wapi? Mwanafunzi atamwamini nani, kitabu au mtaro?

Hatuhitaji jahazi. Chupa nyeupe, kamba na kisahani vinatosha. Mwalimu awapeleke watoto mtoni kila mwezi, waandike walichokiona, na wakikuta uchafu wafuate unakotoka, hata kama unatoka kwetu. Maji ni amana, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga.