Ishara Niliyoitangaza Kabla ya Kuuliza

Andiko la kusoma: Ayubu 13:7-9



Nina jambo la kuungama, halafu tulitafakari pamoja. Katika kesha letu moja hapa Mokowe, yapata saa kumi na moja alfajiri, vijana waliokuwa nje walituita. Tulipotoka tukaona nyota nyingi zikifuatana kwa mstari mmoja, kimya, kama punda wa mchanga katika vichochoro vya Lamu. Watu wakapiga magoti. Mimi, mzee wa kanisa, nikapaza sauti: "Hii ndiyo ishara! Siku zimekwisha!" Wengi walilia, wakatubu. Kapu la sadaka likajaa.

Kulipokucha nilimsimulia jirani yangu mvuvi, Mwislamu, pale jetini. Akatabasamu kwa adabu. "Aa, mzee, hizo si nyota. Ni satalaiti za intaneti. Sisi tukivua usiku twaziona sana."

Nikauliza, nikasoma. Alisema kweli. Kampuni binafsi ya Marekani, SpaceX, ilianza Mei 2019 kurusha satalaiti za Starlink, 60 kwa roketi moja. Zikishaachiliwa hufuatana kwa siku kadhaa, kisha hutawanyika zikipanda hadi kilomita 550 hivi. Hazina taa zake. Jua ambalo kwetu bado halijachomoza huwa limeshazimulika kule juu. Huduma hiyo ilifika Kenya Julai 2023. Roketi ya kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyobeba Taifa-1, satalaiti ya nchi yetu, tarehe 15 Aprili 2023. Wala si mambo mageni Pwani: kuanzia 1967 hadi 1988 roketi zilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Moja ilibeba satalaiti iliyoitwa Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970.

Basi nilikuwa nimekosea. Kutojua si dhambi. Lakini wiki hiyo mama mmoja alinijia na furaha: karo ya chuo ya kijana wake aliitia kwenye kapu usiku ule. "Chuo cha nini tena, mzee, na Bwana yu mlangoni?"

Nilinyamaza. Dhambi yangu ilianzia hapo.

Ndugu mmoja niliyemweleza aliniambia, "Wacha tu. Watu walitubu. Ukisema sasa, utawarudisha nyuma." Maneno hayo yalinipendeza, maana yaliniokoa na aibu. Lakini Ayubu anawauliza rafiki zake kama watasema yasiyo haki ili kumtetea Mungu. Nilijiona mle. Mungu hahitaji uongo wangu umsaidie kuvuna. Na toba iliyosimama juu ya satalaiti itaanguka siku mtu atakapoambiwa ni satalaiti. Na akianguka, atalitilia shaka hata lile Neno la kweli nililomhubiria.

Wako pia wanaokosea upande wa pili, wakisema mwanadamu amefika juu, Mungu wa nini? Septemba 2024 mfanyabiashara Jared Isaacman alitoka nje ya chombo angani, mtu wa kwanza kufanya hivyo katika safari ya binafsi. Siku ya tano walirudi, wakatua baharini. Zaburi ya 139 yatufundisha kwamba hata tukipanda mbinguni, Mungu yupo. Roketi haimfukuzi, na mimi sina haja ya kuiita malaika ili niwatishe watu.

Jumapili iliyofuata nilisimama nikasema yote. Si wote waliopendezwa. Nikaomba baraza la wazee mama arudishiwe karo. Mmoja akasema sadaka ikishatolewa hairudi. Sikubishana. Nilisema, "Basi nitalipa mimi, kwani neno lilikuwa langu." Nimeshalipa nusu. Kijana yuko chuoni.

Wapendwa, Bwana atarudi, hilo silipunguzi. Alisema hakuna aijuaye siku wala saa, nami nilijifanya najua. Wiki hii, kabla hujasambaza habari ya ajabu kwenye simu na kuandika "Amina" chini yake, uliza kwanza. Na kama ulishasema lisilo kweli kwa jina la Bwana, hata kama lilizaa machozi, rudi ukaliseme upya.

Mungu awabariki.