Yesu Alimchukua Pembeni: Sisi na Watoto Wenye Mahitaji Maalumu



Kijana mwenzangu, leo naomba ufungue Injili ya Marko, sura ya 7, kuanzia aya ya 31. Ni Injili ya Dominika ya 23 ya Mwaka B. Watu wanamletea Yesu mtu kiziwi mwenye ulimi mzito, wanamwomba amwekee mikono. Sasa angalia Yesu anavyofanya. Anamtoa kwenye umati, anakwenda naye pembeni, wawili tu. Anamtia vidole masikioni. Anatema mate, anamgusa ulimi. Anatazama juu mbinguni, anaugua. Ndipo anatamka: Efatha.

Kwa nini hatua zote hizo? Mtumishi wa yule akida aliponywa kwa neno tu, tena akiwa mbali. Mimi naona hivi: huyu wa leo alikuwa hasikii, neno peke yake lisingemfikia. Kwa hiyo Yesu alizungumza naye kwa njia aliyoiweza, yaani kwa kuguswa na kwa kuona. Sisi tukikutana na kiziwi tunapandisha sauti, kana kwamba shida iko kwenye koo letu!

Mimi nafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza parokiani kwetu kila Jumamosi. Mama mmoja alituletea mwanae wa miaka 12 mwenye ulemavu wa akili. Mahali pengine alikuwa ameambiwa amrudishe mtoto akishajua kusoma na kukariri Nasadiki, na alisubiri miaka mitatu. Akaniambia, "Mwalimu, huyu kusoma hatajua leo wala kesho. Lakini Yesu anampenda. Nyumbani akipita kwenye picha lazima asimame. Sasa wewe niambie."

Jibu la mama yule Kanisa lilishalitoa. Kanuni ya 777 ya Sheria za Kanisa inawataka maparoko wahakikishe kwamba hata wenye ulemavu wa mwili au wa akili wanapata katekesi, kadiri hali yao inavyoruhusu. Na Papa Pio wa 10, katika hati Quam singulari ya mwaka 1910, hakudai mtoto ajue katekisimu yote ndipo akomunike. Alitaka mtoto ajue kadiri ya uwezo wake mambo ya msingi ya imani, na aweze kutofautisha mkate wa Ekaristi na mkate wa kawaida. Mwaka 1910, jamani!

Basi tukamchukua pembeni. Robo saa kabla ya wenzake, jambo moja kwa siku. Anashika mkate wa dukani, anaonja, tunacheka naye. Kisha tunaingia kanisani taratibu hadi mbele ya tabernakulo, tunamwonyesha taa nyekundu, tunapiga goti, kimya. Jumamosi ya kwanza alikimbia nje. Ya sita alipiga goti kabla yangu. Robo saa ikiisha anarudi kukaa na wenzake, benchi moja nao, maana Yesu hakumwacha yule mtu kule pembeni.

Mbinu nzuri kuliko zote tuliipata kwa mwalimu wake wa shule, kwenye kitengo cha elimu maalumu. Mama alituletea daftari wanaloandikiana, yeye na mwalimu. Humo tukakuta habari za vifungo vya shati: mwalimu anafunga vyote, anamwachia mtoto kile cha mwisho. Akikiweza, anaachiwa viwili vya mwisho, halafu vitatu. Kwa hiyo kila siku ni mtoto mwenyewe anayemaliza kazi, wala haachwi katikati akiwa ameshindwa. Tukafanya hivyo kwenye ishara ya msalaba. Tunamshika mkono kwenye paji la uso, kifuani, bega la kushoto. La kulia anagusa mwenyewe. Nyumbani mama anafanya vilevile, shuleni vilevile. Kama kila mmoja angekuja na mtindo wake, mtoto angechanganyikiwa tu.

Sasa kuna pembeni nyingine, na hiyo tunaijua sana. Jumuiya ikija kusali nyumbani, mtoto anafungiwa chumba cha uani. Shuleni anakaa benchi la mwisho na jina lake limekuwa "kilaza". Anachanganya b na d, anachapwa fimbo, kana kwamba fimbo inafundisha herufi. Mwingine hata hana shida ya akili. Masikio yanatoka usaha tangu utotoni na hakuna aliyempeleka hospitali. Au haoni ubao. Na mtaani wanaulizana eti mama yake alikosa nini. Swali hilo wanafunzi walimuuliza Yesu katika Yohane 9, na Yesu alikataa kabisa kumtafutia mtu dhambi.

Mtakatifu Yohane Maria Vianney, msimamizi wa maparoko, Kilatini kilimshinda hadi seminari ikamwona hafai. Padre Balley, paroko wa Écully, ndiye aliyemchukua nyumbani kwake, akamfundisha polepole, akamtetea. Akapewa upadre mwaka 1815. Sisemi kila mtoto mzito wa kusoma atakuwa mtakatifu wa Ars. Nakuomba tu umkumbuke Padre Balley, ambaye wengi wetu hatujawahi hata kusikia jina lake.

Soma pia Kutoka sura ya 4. Musa anamlalamikia Mungu kwamba ulimi wake ni mzito. Mungu angeweza kuuponya pale pale. Hakuuponya. Anamwambia ndugu yako Haruni yuko njiani anakuja kukulaki. Familia nyingi zimezunguka kwenye maombi na kwa waganga zikitafuta ulimi upone. Kusali ni vema, nami nasali. Lakini mara nyingi Haruni ndiye anayekawia kutoka nyumbani, na Haruni mwenyewe ni wewe na mimi.

Kwa hiyo Jumapili hii angalia viti vya nyuma kanisani, karibu na mlango. Kuna mama anasimama kule kila wiki kwa sababu mwanae anashtuka ngoma na spika zikianza, na watu wanageuka kumkodolea macho. Usigeuke. Nenda ukamwamkie. Muulize mtoto anaitwa nani na anapenda nini. Akikuzoea, baada ya wiki mbili tatu, mwambie, "Mama, leo mimi nakaa naye, wewe nenda ukakomunike kwa utulivu."