Jumatano: Swali Kabla ya Amri

Soma Yohana 5:1–15. Kwa nini Yesu alimwuliza mgonjwa kama anataka kupona, hali ugonjwa wake ulikuwa wazi mbele ya watu wote?

Mtu yule alikuwa mgonjwa kwa miaka 38. Yesu hakuanza na dhambi zake. Alimwuliza, akamsikiliza akilalamika kwamba hana mtu wa kumsaidia, ndipo akamwamuru ainuke. Onyo juu ya dhambi lilikuja baadaye, alipomkuta hekaluni.

Mfikirie kijana wa Mchikichini aliyezoea unga, akaiba nguo Soko la Karume, na mahakama ikamweka chini ya uangalizi badala ya kumpeleka gerezani. Amri ya mahakama yaweza kumfikisha kwa afisa wa uangalizi, lakini haiwezi kumpa nia. Nia hukua anapoulizwa kwa upole: Unga umekugharimu nini? Unamtakia nini mwanao? Akijibu kwa kinywa chake, sababu ya kuacha inakuwa yake mwenyewe.

Tangu 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili imekuwa ikitoa tiba ya methadoni. Dawa hiyo hutuliza arosto na hamu ya heroini, nayo hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Hapa kanisa laweza kujenga au kubomoa. Wapo ndugu wanaomwambia aliye katika tiba kwamba mwenye imani hahitaji dawa. Akiacha ghafla, arosto yaweza kumrudisha kijiweni. Na mwili uliokwisha kupoteza mazoea waweza kuuawa na kiasi kile kile alichotumia zamani. Imani haipimwi kwa kukataa tiba. Luka alikuwa tabibu, naye Paulo alimpenda (Wakolosai 4:14).

Na akirudia unga siku moja? Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Ndugu mwaminifu hatamficha, wala hatamtangaza. Atamsindikiza kliniki kesho yake asubuhi, na kumtia moyo amweleze afisa wake ukweli (Wagalatia 6:1, 2).

Mgonjwa wa Bethzatha alisema hana mtu. Ni aibu mtu kusema hivyo akiwa jirani wa kanisa.

Swali la kujadiliana: Kijana aliye chini ya uangalizi akiingia katika darasa lenu Sabato hii, ni nani atakayeketi karibu naye, na atamwuliza nini kwanza?